Nati Iliyotoka Bila Kulia

Jeki hakuzaliwa na jina hilo. Alilipata gerejini, enzi za ujana wake, siku jeki ya kuinulia magari ilipogoma mwenzake akiwa uvunguni. Yeye aliingiza bega chini ya bampa, akalishikilia gari mpaka mwenzake akatoka mzima. Tangu hapo hata mkewe akikasirika alimwita Jeki. Sasa Jeki huyo huyo alikuwa akifungiwa vifungo vya shati kila asubuhi, amesimama katikati ya chumba na kidevu juu, kama mtoto anayepelekwa shule.

Kiharusi kilimkuta anapiga mswaki. Kilimchukua upande wa kulia wote: mguu, mkono na pembe ya mdomo. Mdomo ulirudi kusema, si kucheka, mguu ukarudi ukiburuta, mkono ukarudi nusu. Watu walikuja kumpa pole, wakamwambia hujafa hujaumbika, wakanywa chai yake wakaenda zao. Wote walisema ana bahati. Ukitaka kumchukia binadamu mwenzako, ugua, halafu msikilize akikueleza bahati yako.

Mkewe alikuwa na maoni yake, na hakuyaficha. "Gereji mwachie mwanao," alisema. "Umeshafanya kazi ya kutosha. Kuna ubaya gani mtu kukaa kwake akapumzika?" Jeki akamwambia anayepumzika ni maiti. Wakabishana hivyo wiki nzima, asubuhi na jioni, mpaka mwishowe Jeki mwenyewe akatoa sharti. Angerudi gerejini siku moja, afanye kazi moja ya kweli kwa mkono wake, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akiiweza, gereji ni yake na asisikie tena neno kupumzika. Ikimshinda, angemkabidhi mwanawe funguo na kukaa kibarazani na wenzake wanaosubiri kuitwa kula. Sharti lilikuwa lake, kwa hiyo hakuwa na wa kumlaumu.

Mwanawe alikuwapo siku hiyo ya sharti, na hakusema lolote. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, fundi hodari, mpole kupita kiasi. Upole huo ndio uliomtia Jeki wasiwasi. Mtu anayenyamaza wakati wa kugawana, alijiambia, ana kijiko mfukoni. Kwa miezi yote ya ugonjwa kijana ameshika gereji peke yake, wateja wamemzoea, na hakuna mtu anayeshika usukani miezi yote hiyo halafu akafurahi kuambiwa ahamie kiti cha nyuma. Jeki hakumwambia hivyo. Aliliweka moyoni, likakaa humo likiota kutu.

Basi asubuhi ya siku yenyewe akaja gerejini, akiburuta mguu. Lilikuwa banda la mabati lenye sakafu ya saruji iliyokunywa oili mpaka ikawa nyeusi. Ukutani palikuwa na ubao wa spana, na kila spana imechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe ili isiporudi ijulikane. Jeki aliukagua ubao huo kwanza kabla hajamsalimu mtu. Spana zote zilikuwapo. Ingemfaa zaidi kama moja ingekosekana.

Pikipiki ya mkunga ilisikika kabla haijaonekana. Cheni ilikuwa imelegea mpaka inapiga kava, ka-ka-ka, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko. Mkunga alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, anayezunguka mitaa yote na mkoba wake nyuma ya kiti, na hakuna saa ambayo hakuwahi kuamshwa.

"Mzee Jeki," alisema akishuka. "Umerudi?"

"Kwani nani alikuambia niliondoka?"

"Basi uniangalizie huyu mnyama. Jana alinitemea cheni mlimani, na huko juu kuna mtu anapiga kelele ananisubiri. Nilifika kwa miguu. Mtoto alifika kabla yangu."

Jeki aliinama, taratibu, akashika goti. Akafungua kava upande wa kushoto wa injini. Sproketi ya mbele, kile kigurudumu kidogo kinachovuta cheni, ilikuwa imechongoka meno na kuyalaza upande mmoja. Akasema cheni na sproketi zake zote mbili zibadilishwe pamoja, kwa sababu cheni mpya ukiivisha meno mabovu itakufa mapema kuliko ile ya zamani. Kisha akaitazama nati kubwa inayoishikilia ile sproketi ya mbele, na hapo akapata kazi yake ya kweli.

Nati ilikuwa imekwama. Fundi fulani wa njiani, Mungu amsamehe maana Jeki hangemsamehe, aliikaza kwa nyundo na tindo badala ya spana, kisha akaipaka gundi. Pembe zake zilikuwa zimeliwa, na kutu imejaza palipobaki.

"Hiyo nayo imelala," alisema mkunga akichungulia.

"Itaamka. Wewe si unatoa waliokwama kila siku?"

"Mimi wangu wakigoma siwapigi nyundo."

Fundi wa kuchomea alicheka. Alikuwa jirani wa ukuta mmoja, mtengeneza milango na madirisha ya chuma, rafiki wa Jeki tangu wote wawili wana nywele, na siku hiyo aliacha kazi yake mara tatu kuja kutazama. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara naye alikuwa amegeuza kiti chake. Habari za sharti zilikuwa zimeshaenea. Nyumbani kwa Jeki siri haikai hata ukiifungia kabatini.

Mwanawe akanyoosha mkono kuelekea cheni, apime kiungo chake. Jeki akampiga kikofi cha mkono wa kushoto.

"Nati kwanza, cheni baadaye. Nimekufundisha mara ngapi?"

"Nilikuwa naangalia tu, baba."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya gereji ile. Mwenye haraka hutoa cheni kwanza, halafu anakuta sproketi inazunguka na nati yake na hakuna cha kuizuia. Hapo ndipo anapochomeka chuma katikati ya meno na kuipasua injini ya watu. Mwenye akili huiacha cheni kuukuu mahali pake, anaweka gia, anampandisha mtu kwenye kiti akanyage breki ya nyuma, ndipo anaivuta nati. Gurudumu limeshikwa, cheni imeshikwa, sproketi haina pa kwenda.

Jeki alikunjua washa, kile kibati kinachokunjwa ubavuni mwa nati isilegee, akigonga tindo kwa mkono wa kushoto. Akavisha soketi, ile spana ya kikombe, akachomeka bomba refu kwenye mpini. Mwanawe akapanda, akakanyaga breki. Jeki akashika bomba kwa mikono yote miwili, akavuta.

Nati haikujibu. Mkono wa kulia uliteleza, vidole vikafunguka vyenyewe kama havikuulizwa. Akavirudisha kimoja kimoja, akavuta tena, mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Nati ilikaa kimya.

"Ngoja nijaribu, baba," alisema mwanawe.

Wakabadilishana. Jeki akapanda kwenye kiti, akakanyaga breki kwa mguu wake mbaya, akaubana na mkono juu ya goti. Mwanawe akavuta, akaguna, akavuta tena kwa uzito wote. Nati haikusogea. Na Jeki akafurahi. Iwe aibu au isiwe aibu, alifurahi mpaka akaogopa itaonekana usoni.

"Niipashe moto kidogo?" aliuliza fundi wa kuchomea. "Dakika mbili tu."

"Moto karibu na sili? Ule mpira nyuma ya sproketi ndio unaozuia oili. Ukiichoma itavuja, mama huyu abaki na pikipiki inayokojoa njia nzima." Jeki alimwaga oili kuzunguka nati, kidogo kidogo. "Iloweke. Inataka subira. Nikitoka kula nitaifungua mimi. Asiiguse mtu."

"Sawa, baba," alisema mwanawe.

Mkunga akaenda kwa miguu kumtazama mzazi wa mtaa wa pili. Jeki akaenda kwake, palikuwa si mbali, kwenda kula na kumeza dawa.

Siku hiyo chakula kilichelewa. Mkewe, ambaye kwa kawaida alimpakulia kabla hajavua viatu, alikuwa ndiyo kwanza anachagua mchele. Kisha akataka amsaidie kukumbuka jina la yule binamu aliyehamia mbali. Kisha akasema dawa haimezwi mtu akasimama hapo hapo, ajinyooshe kidogo kwanza. Jeki alijinyoosha. Alilala chali akiufungua na kuufunga mkono wake wa kulia, akiuambia maneno ambayo mtu hamwambii hata mbwa wake, kisha akiubembeleza.

Aliporudi, watu walikuwapo wote. Mkunga alikuwa amesharejea. Fundi wa kuchomea ameketi juu ya ndoo, na fundi cherehani amevuka barabara kabisa, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Pikipiki ilikuwa pale pale, oili imelowesha nati. Mwanawe akapanda, akakanyaga breki, akatazama mbele.

Jeki akavisha soketi. Akashika bomba, akapanga vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, akavibana na vya kushoto. Akavuta pumzi, akavuta bomba.

Nati ikazunguka.

Ilizunguka taratibu, nzito kidogo mwanzoni, halafu ikalegea. Jeki alibaki ameshika bomba, hajui amwangalie nani. Nati iliyokwama hulia inapoachia, hutoa mlio unaouma meno. Hii haikulia, lakini oili ilikuwa nyingi, na mtu mwenye furaha hasumbuki kwa kelele ambayo hakuisikia.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema fundi wa kuchomea. Ni methali nzuri, ila haikutungwa na koleo.

Fundi cherehani alipiga makofi. Mkunga akasema alijua tu. Jeki alicheka, na upande wa mdomo uliokuwa umekufa ukacheka pia, kwa mara ya kwanza tangu augue. Aliwaza namna atakavyoingia nyumbani. Hangesema kitu. Angekaa, amwache mkewe aulize mwenyewe. Alimtazama mwanawe akaona amemdhania vibaya bure, maana kijana naye alikuwa akitabasamu, tena kwa macho ya mtu aliyepona homa.

Basi wakafungua ekseli ya nyuma, wakatoa klipu ya cheni, wakaivuta cheni kuukuu ikaanguka sakafuni. Jeki akaifungua nati kwa vidole hadi mwisho. Akashika sproketi ya zamani, akaivuta, ikatoka kwenye shafti.

Nyuma yake palikuwa na sili mpya.

Injini nzima ilikuwa imevaa koti la tope na grisi ya miaka, na katikati ya uchafu huo kulikuwa na duara la mpira mweusi unaong'aa, mdomo wake umepakwa grisi safi kwa kidole, vizuri, kama inavyotakiwa. Jeki aliitazama. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Alipokuwa kwake akisubiri mchele, fundi wa kuchomea alileta mtungi wake wa gesi. Waliipasha nati moto, wakaifungua, na sili ikaungua kama alivyosema itaungua. Na mwanawe, kwa kuwa ni fundi, hakuweza kumrudishia mkunga pikipiki yenye sili iliyoungua. Alivua kila kitu, akaweka sili mpya, akarudisha sproketi mbovu, cheni mbovu na nati, akaikaza kiasi cha kumtosha mgonjwa. Mwizi angeacha sili mbovu na asingekamatwa. Huyu alikamatwa kwa kazi safi, na kazi hiyo safi alifundishwa na nani?

Halafu Jeki akaukumbuka mchele, na yule binamu, na kule kujinyoosha. Kumbe hata mkewe.

Alinyanyua uso. Mwanawe alikuwa akiitazama sili ile ile. Macho yao yalikutana, kijana akainamia kisanduku cha cheni mpya, akaanza kukifungua kwa bidii kubwa, ingawa kilikuwa kimeshafunguliwa.

Jeki angeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini mkunga alikuwa amesimama pale na fundi cherehani anamsimulia mpita njia namna mzee alivyoifungua, na Jeki hakuwa na nguvu ya kujivua nguo mbele za watu. Kilichomchoma zaidi hakikuwa uongo. Miezi yote alijiandaa kupambana na mtoto anayetaka kumsukuma. Angesukumwa, angesukuma naye, na hata angeanguka angekuwa ameanguka vitani. Kumbe hakuna aliyetaka vita naye. Walimhurumia, wote, wakapanga foleni ya kumhurumia.

Bado kuna kukaza, alijiambia. Kufungua mtu anaweza kukusaidia kwa siri. Kukaza utakaza mwenyewe.

Akavisha sproketi mpya, washa mpya, nati mpya. Wakabadilisha na sproketi ya nyuma, wakavisha cheni mpya, klipu ikaingia mdomo wake ukitazama nyuma, kama inavyopaswa. Mwanawe akapanda, akakanyaga breki. Jeki akashika bomba, na safari hii hakuupanga mkono wa kulia, aliufunga kwenye bomba kwa kitambaa. Akavuta. Alivuta kwa mgongo, kwa mguu mzima, kwa hasira ya kiharusi na ya mchele, mpaka akaona vimulimuli. Alipohema akavuta tena. Bomba lilikataa kwenda. Alivuta mara ya mwisho, likakataa kabisa.

"Nimekaza," alisema.

"Umekaza kweli, baba," alisema mwanawe. "Nenda kanawe. Washa nitaikunja mimi."

Haki ilikuwapo katika maneno hayo. Kukunja washa juu ya nati ni kazi ya nyundo ndogo, ya dakika moja, na mzee alikuwa hoi. Mkunga naye alikuwa amevuka na fundi cherehani, akashonewe mkanda wa mkoba. Jeki akaenda nyuma ya banda kwenye pipa la maji, akachota sabuni ya unga, akaichanganya na mchanga, akaanza kusugua. Mkono wa kushoto uliuosha wa kulia. Wa kulia ulijaribu kurudisha fadhila, ukashindwa, akauacha.

Kitambaa cha kujifutia kilikuwa bado kimebaki kwenye bomba. Akarudi kukichukua, maji yanamchuruzika viwikoni, na kabla hajafika pembeni mwa banda akasikia soketi ikigusa chuma. Akasimama. Mabati yalikuwa na upenyo palipong'oka msumari.

Fundi wa kuchomea alikuwa juu ya kiti, amekanyaga breki. Mwanawe alikuwa ameshika bomba, na bomba lilikuwa linakwenda. Halikwenda kidogo. Lilishuka polepole, bila taabu, robo ya duara na zaidi, na kijana hata hakuwa ameuma meno. Ndipo likakaza. Jeki akaona palipoishia nguvu zake zote, na akaona ni nafasi kiasi gani ilibaki chini yake.

Alitafuta hasira hakuipata. Cheni ile ingepanda mlima. Juu ya mlima kungekuwa na mwanamke anayepiga kelele, na mkunga njiani, na nati iliyokazwa na mgonjwa. Mwanawe alikuwa anafanya jambo ambalo Jeki mwenyewe angemfukuza fundi kwa kutolifanya. Na alilifanya alivyofanyiwa. Alipokuwa mdogo, kimo cha gurudumu, Jeki alimwachia akaze nati, akamsifu kuwa ana nguvu kama baba yake, na mtoto akigeuka tu kwenda kumtambia mama yake, yeye akashika spana akakaza upya. Mtoto hakujua. Au pengine alijua, akanyamaza, ili baba asifedheheke.

Jeki alisubiri. Alisubiri bomba litolewe, akasubiri mlio wa nyundo ndogo ukikunja washa, akasubiri fundi wa kuchomea ashuke kwenye kiti na kurudi kwenye ndoo yake. Hapo akakohoa kwa nguvu, mara mbili, kama mgeni anayebisha hodi kwa watu, akatoa nafasi ya mtu kupanga uso wake, ndipo akaingia gerejini kwake.

Mkunga alivuka barabara na mkoba wake. Aliwasha, akasikiliza. Cheni haikusema kitu. Alipitisha mguu, akaketi, kisha akamgeukia Jeki.

"Niambie ukweli, mzee. Nina mlima wa kupanda jioni hii. Nati hii umeikaza mwenyewe? Maana mimi namwamini mkono wako."

Fundi wa kuchomea alitazama ndoo. Mwanawe alifungua mdomo, na Jeki alijua kijana atasema nini, atasema kwa upendo, na mkunga ataamini.

"Hapana," alisema Jeki. "Mimi nilijaribu. Aliyekaza ni huyu."

Alitia mkono wa kushoto mfukoni, akatoa funguo za gereji, akazitundika kwenye msumari wa ubao wa spana, mahali ambapo hapakuwa na umbo lolote lililochorwa.

"Panda mlima wako bila wasiwasi," alimwambia mkunga. "Na siku nyingine ukija na shida, usiniulize mimi."